Friji Yangu kwa Connie

"Mama, friji yetu imemnyima Yvonne shule!" Sangwa ananifokea hivyo tangu aingie, Nyokabi, na mimi namwambia anyamaze.

Unajua Sangwa aliomba ule ufadhili wa uuguzi, wa familia zenye kipato kidogo. Jana wakaguzi walikuja kutazama nyumba. Kabla hawajafika nikahamishia friji na televisheni kwa jirani yangu Connie. Nilimwambia napaka rangi. Rangi gani, Nyokabi!

Kumbe binti yake Yvonne naye ameomba! Wametoka kwangu wakaingia kwake, wakakuta vitu vyangu sebuleni. Wakamwambia, "Mama, wewe unajiweza." Connie akasema ni vya jirani. Walicheka. Walimcheka, Nyokabi!

Leo majibu yametoka: Yvonne kakatwa, Sangwa wangu kapita.

Na sasa hivi Connie kaja kumpongeza Sangwa, kamkumbatia kabisa. Nimeshindwa kumtazama.

Nimeingia chumbani nikampigia mmoja wa wale wakaguzi. "Vile vitu ni vyangu, na nina kazi ya mshahara mzuri ofisini kule Kacyiru. Mfute Sangwa wangu, mrudishe Yvonne."

"Una uhakika, mama?"

Nikamwambia aandike nikiwa bado kwenye simu. Ameandika.