Muthokoi wa Watu Thelathini

Jumanne, 10 Septemba
Mwethya, ile kazi yetu ya kulimiana kwa zamu, leo ilikuwa kwa Mbithe. Mgongo unauma. Tulikuwa kumi na mmoja, na mtaro wa fanya juu kama ule, udongo unatupwa juu uwe tuta, unataka watu thelathini. Wengine walituma vile vipicha vya mikono ya maombi kwa grupu ya simu. "Tuko pamoja." Pamoja wapi? Mimi nilikuwa ndani ya mtaro, sikuwaona.

Nduku alitupiga picha tukiwa tumeinama, akatuma. Yeye ndiye katibu na ndiye admini. Mwalimu wa chekechea, msichana mzuri, lakini simu imemkalia kichwani. Kabla hatujaachana alitangaza kwa mdomo: mwethya wa mwezi ujao ni kwa Mama Muthama, Ijumaa tarehe kumi na moja. Hatimaye zamu yangu. Mvua ya mwaka jana ilipasua tuta langu la juu ikabeba mbaazi na udongo mpaka barabarani. Baba Muthama angekuwa hai tungejaribu wawili. Sasa niko mimi na kuku. Lisipozibwa kabla ya Novemba, sina shamba.

Kila mtu alirudi nyumbani na jembe lake. Zamani hayakurudi. Tukimaliza kwa mtu, majembe yalienda kulala kwa anayefuata. Jembe lako liko kwa mwenzako, utakosaje kwenda? Na aliyetaka kujitoa alikuja kulichukua mbele ya watu, akasema sababu. Siku hizi eti simu itatukumbusha.

Alhamisi, 12 Septemba
Nimeuliza kwa grupu: hawa wa mikono ya maombi, wanahesabiwa wamelima? Hakuna jibu. Wamesoma wote, nimeona. Jioni mtu akatuma maua. Ovyo!

Jumamosi, 14 Septemba
Simu imejaa, haipigi hata picha. Maua, mahubiri, watoto wa watu wakicheza densi. Nimekaa kwenye kigoda nikifuta mpaka kidole kikachoka. Ikaniuliza kitu, nikakubali. Ikauliza tena, nikakubali. Mboga zilikuwa zinaungua.

Jumanne, 17 Septemba
Siku tatu kimya. Raha. Nimeziba shimo la banda la kuku.

Jumatano, 18 Septemba
Kimya kimezidi. Hata maua ya asubuhi hakuna. Sikujua mtu anaweza kuyakumbuka hivyo.

Alhamisi, 19 Septemba
Muthama alipiga kutoka Mombasa. Nikamwambia simu imekufa, haileti ujumbe tena. Akacheka. "Mama, haijakufa. Wewe ulitoka kwa grupu. Imeandikwa hapo, kila mtu ameona." Yeye yumo. Mwanangu naye hutuma mikono ya maombi, tena kutoka Mombasa.

Alitaka kuwaandikia kwamba ni makosa. Nikamkataza.

Kwa hivyo wanajua nimetoka siku mbili baada ya kuuliza lile swali. Wanafikiri nimekasirika. Sawa. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuja kuuliza. Syombua tuliolewa mwaka mmoja, tumebebeana watoto. Kwake ni hapo tu baada ya kisima. Ingekuwa yeye ametoka, ningeenda bila viatu.

Basi wakae. Sitaomba kurudishwa kama mtoto aliyefukuzwa shule.

Jumapili, 22 Septemba
Kanisani Syombua alikaa mbele na kina Nduku. Baada ya ibada akanipa vidole vitatu vya salamu. "Bwana asifiwe." "Amina." Basi. Na mimi nikaenda zangu. Kiburi changu nakijua, nilikitoa kwa mama.

Nimepika chapati moja. Kupika chapati moja kunachosha kuliko kupika ishirini.

Jumamosi, 28 Septemba
Nyimbo kutoka upande wa kwa Mbithe, ng'ambo ya mto mkavu. Kwaya wako mazoezini. Nilifua nikiimba nao.

Jumatatu, 30 Septemba
Ngai! Haikuwa mazoezi. Mzee wa Mbithe amezikwa Jumamosi. Alilazwa hospitali ya Kibwezi wiki nzima na mimi sijui. Nimeambiwa dukani nikinunua sabuni. "Si ilitangazwa kwa grupu?" Hivyo tu, mwenye duka akanipa chenji yangu.

Nimempigia Muthama nikafoka. Akasema alidhani najua, si niko hapa hapa kijijini? Niko. Hapa hapa.

Wanamshusha mzee wa watu kaburini, mimi nafua nikiimba.

Jumanne, 1 Oktoba
Nimeenda na sukari na unga. Mbithe ana miaka sabini na kitu, mimi humwita mwaitu kama mama yangu mzazi. Alipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Mama Muthama, nilikutafuta kwa macho."

Nikasema nilikuwa mgonjwa. Uongo, mbele ya mjane. Ningesemaje? Kwamba nilikosa mazishi ya mume wake kwa sababu ya kidole? Njiani nimelia mpaka nikaketi kando ya barabara. Bodaboda mbili zilipita, hakuna aliyesimama.

Jumatano, 9 Oktoba
Keshokutwa ni zamu yangu. Hakuna mtu amesema kitu. Mwenye mwethya hupika, hiyo ndiyo sheria. Nipike muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, wa wangapi? Nikipika wa mtu mmoja, nimekubali kwamba sina watu. Nikipika wa watu thelathini, ni wazimu.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimeloweka wa thelathini.

Ijumaa, 11 Oktoba
Nilibandika sufuria alfajiri. Saa moja, hakuna mtu. Saa mbili, hakuna. Nilifagia njia mara mbili ili nisionekane nangoja. Saa tatu nikachukua jembe nikaenda tuta la juu peke yangu. Udongo ni jiwe. Kila nikiinuka naangalia barabara. Niliona aibu hata mbele ya kuku.

Saa nne nikaona kitambaa cheusi kinapanda pole pole. Mbithe. Jembe begani.

"Wengine wako wapi?"

Nikasema sijui. Akasema siku aliitaja Nduku tulipomaliza kwake, yeye hajasahau. Yeye ana kabambe tu ya vibonye, ya kupokea simu za watoto. Grupu hajawahi kuingia. Hakujua hata kwamba nimetoka.

"Mwaitu, uko matangani. Rudi nyumbani."

"Wewe ulinilimia. Nisije?"

Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote. Simu kujaa, kidole, zile nyimbo, sabuni. Kwamba sikuwa mgonjwa. Alisikiliza akiegemea mpini. Kisha akacheka, akacheka mpaka akaketi chini, na machozi yalikuwa ya kicheko na ya mzee wake pamoja. Akasema mzee mwenyewe angecheka, alipenda kusikia nikiimba.

Tulilima mpaka saa nane. Tumeziba kipande kidogo, labda robo. Tukala. Sufuria kama haijaguswa. Mbithe akaiangalia akasema chakula cha mwethya hakitupwi, kipeleke kwa wenyewe. Nikasema afadhali nife. Akasema basi kufa, lakini kipeleke kwanza.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimezunguka na ndoo na bakuli. Nyumba tisa. Mahali pengine hawakuwepo, au walijificha. Nduku alishika simu palepale anirudishe kwa grupu. Nikamwambia asubiri, kwanza afungue kile kitabu cha zamani cha majina aone kama limo langu. Hakujua kiko wapi.

Kwa Syombua nilisimama mlangoni. Nikasema, "Huu ni muthokoi wa jana."

Aliangalia bakuli. "Nilidhani umetukataa."

"Ulikuja kuuliza?"

Alichukua bakuli akaingia. Hakunikaribisha. Nimerudi na ndoo tupu na hasira, na pengo lake linaniuma vibaya sana.

Jumanne, 15 Oktoba
Hakuna mtu. Wingu juu ya milima ya Chyulu. Nimelima hatua nne, mgongo ukakataa.

Jumatano, 16 Oktoba
Nilitoka kisimani nikakuta bakuli langu kwenye kigoda. Limeoshwa, na ndani kuna ndengu, maana bakuli la mtu halirudishwi tupu. Syombua alikuwa amepita nisipokuwepo. Hakuacha neno kwa jirani wala kwa simu. Simu nimeiangalia.

Halafu nikaona ukutani, kando ya mlango. Jembe lake. Ule mpini uliofungwa waya, nilimsaidia kuufunga mwenyewe.

Wingu limeteremka. Jembe nimeliingiza ndani lisinyeshewe.