Mgomba wa Elihuruma

Maji ya Chai,
Juni.

Mdogo wangu Elihuruma,

Pokea salamu za dada yako. Naomba zikukute na afya, maana sisi huku tuna baridi na ukungu, mlima wenyewe hatujauona wiki nzima. Baba anakohoa lakini shambani anakwenda. Mama ni mzima wa mwili. Sikukupigia simu kwa sababu nyumba yetu unaijua, ukinong'ona jikoni unasikika sebuleni.

Barua yako ilinifurahisha, kisha ikanikasirisha, na hasira bado ninayo. Miaka yote hiyo kimya, leo unasema uliona aibu kwa kuwa masomo yalikushinda. Unaomba nimwandae Mama, eti utakuja Desemba. Halafu unajaza ukurasa mzima kisa cha mji wenu huko Pennsylvania, cha mchimba makaa aliyedhaniwa amefia mgodini, wakazika jeneza tupu, naye akarudi, mkewe akakataa kumfungulia mlango. Umesema wageni wakisimuliwa hucheka. Mimi sikucheka.

Elihuruma, na wewe tulikuzika. Tulipokata tamaa, Baba aliamua ifanywe desturi ya mtu asiyeonekana: gogo la mgomba, likavikwa shati lako la kipaimara na kufunikwa blanketi, likazikwa badala ya mwili wako. Mchungaji alisali nyumbani tu, akasema hawezi kuombea mgomba kaburini. Ila baba mdogo Stanley, kwa papara zake, badala ya kukata gogo tupu aliung'oa mgomba mzima na tunguu lake la chini linalochipua. Masika yalipokuja, kaburi lako likaota.

Tangu hapo Mama amepona majonzi, kama kule ni kupona. Kila jioni huenda kukaa pale, akauhadithia mgomba habari za ng'ombe na za kanisani. Mkungu wa kwanza hakuruhusu uliwe. Ulioza pale pale.

Baba anasema uje, lakini uung'oe mgomba huo kwa mikono yako kabla hujaingia ndani. Mama naye amesema atakayeugusa atangulie kumzika yeye.

Amejuaje habari zako? Nilimsomea barua yako, Jumapili, tukiwa tumekaa pale kaburini. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema kwa upole kwamba mwanawe hawezi kuwa hai akamnyamazia mama yake kiasi hicho, kwa hiyo huyo ni mtu mwingine. Nilidhani amemaliza. Tulipokuwa tunarudi nyumbani akanishika mkono, akaniuliza kama huyo kijana aliyeandika ana mama, na kama mama yake anajua aliko.

Njoo umjibu wewe.

Shemeji yako Efraimu anakusalimu. Vaa nguo nzito, na Mungu akulinde njiani.

Ni mimi dada yako,
Kaanaeli