Mara Tatu Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 11 Januari 1960

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Naandika hivyo hivyo.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuulizwa maswali, sisi tunaotaka kwenda chuo cha ualimu Unguja. Bibi wa Kizungu wa elimu kaja na karani wake. Tulikuwa wasichana watano, kila mmoja na baba yake. Nikavaa buibui jipya la Mama. Nikakaa, nikatazama sakafu, kama nilivyofundishwa kukaa mbele ya wakubwa.

Yule bibi akaniuliza kwa Kiingereza jina langu, na napenda kusoma nini. Nimefahamu yote! Jawabu lilikuwa mdomoni, zima, tayari.

Baba akajibu. "Mwanapili binti Ahmada. Mtoto mtulivu huyu, hana maneno." Kasema kwa fahari – kwake hiyo ni sifa. Karani akatafsiri. Swali la pili, Baba. La tatu, Baba. Mimi na sakafu. Ina ufa mmoja na sisimizi kumi na moja.

Kisha yule bibi akamwambia karani wake, kwa Kiingereza, mimi nimekaa pale pale: mtoto mzuri, lakini Kiingereza hana hata kidogo, inasikitisha.

Hata hiyo "inasikitisha" niliifahamu!

Njiani Baba kafurahi. "Umekaa vyema, mwanangu. Umenipa heshima." Nikasema, "Ndiyo, Baba." Basi. Maneno yangu ya siku nzima ni hayo.

Jumatano, 13 Januari 1960

Bado nina hasira. Nataka kujua kweli nimefika wapi.

Kiingereza nimekisoma shuleni miaka sita. Mwaka juzi nilikuwa nasimama kila mstari. Sasa namaliza kitabu kizima, kamusi nafungua mara moja moja. Kuandika, naandika. Kusema – sifuri.

Kur'ani nilihitimu nina miaka kumi, bila kujua hata nasoma nini. Sasa Mjomba Bakar ananifundisha Kiarabu chenyewe, Jumanne na Ijumaa baada ya alasiri. Jana aya moja imenifungukia maana yake bila kusaidiwa na mtu. Nililia. Mjomba akaniuliza nimefahamu nini. Nikainama! Mjomba akafunga kitabu, akasema, "Miye nasomesha mtu au nasomesha mto wa kitanda?"

Na Kikachi, lugha ya Wahindi wa madukani. Kwamba nakifahamu hiki hajui mtu. Kila wiki napeleka kofia anazoshona Mama dukani kwa Bi Zehra, nangoja barazani, nasikiliza anavyosema na binti yake. Nimeandika maneno mia na arubaini nyuma ya daftari hili. Kusema – sifuri.

Kipemba changu nimezaliwa nacho. Nasema na Mama na paka.

Jumamosi, 16 Januari 1960

Nimepeleka kofia nne. Bi Zehra kazigeuza, kaziangalia mshono kwa mshono, kisha akamwambia binti yake kwa Kikachi: mama yake huyu ana mkono mzuri, lakini kisichana hiki cha miaka kumi na sita ni bubu, nani atakichukua? Binti akacheka. Halafu Bi Zehra akanigeukia kwa Kiswahili, mtamu kama halua: "Msalimie mama, binti yangu."

Nikasema, "Zimefika."

Hayo ndiyo maendeleo yangu! Natukanwa kwa lugha tatu na sihitaji mkalimani.

Jumamosi, 23 Januari 1960

Nimemwandikia yule bibi wa Kizungu. Kwa Kiingereza, kurasa mbili, mkono wangu. Nimemwambia nilifahamu kila alilosema siku ile, hata alilomwambia karani. Nimemwambia nilinyamaza kwa adabu. Mjomba Bakar kaipeleka posta mwenyewe, hakuuliza kitu.

Nilipoifunga bahasha nilijiona mrefu.

Alhamisi, 4 Februari 1960

Jawabu limekuja. Naliandika ili nisije nikadhani nimeota.

Anasema barua ni nzuri sana. Anampongeza aliyeniandikia, awe kaka yangu au mwalimu wangu!

Sina kaka!

Nimeipiga ngumi meza mpaka Mama kaja kutazama. Anasema chuo kinataka msichana anayeweza kusema mwenyewe mbele ya darasa. Anapita tena hapa Chake Chake Jumatatu asubuhi, tarehe 8. Nikitaka niende, nizungumze naye kwa mdomo wangu. Kama siendi, atafahamu.

Siku nne. Nimejifungia ukumbi wa nyuma nasema Kiingereza na mtungi. Mtungi unanifahamu vizuri.

Ijumaa, 5 Februari 1960

Leo baada ya sala Ami Khatib, mdogo wake Baba, kaja na maneno. Watu wa Mkoani wananiposa. Kijana anaitwa Soud, ana duka la nguo. Nimemwona mara moja, kisogo. Sina ubaya naye. Wanataka harusi mwezi huu huu wa Shaabani, watu wafunge Ramadhani mambo yamekwisha. Ami kasema Soud hataki mke wa kwenda Unguja kusomesha. Kwa hiyo chuo basi.

Wamezungumza barazani kwa sauti, mimi napepeta mchele ndani. Baba kasema, "Mwenyewe ataulizwa, sheria ni sheria." Ami akacheka: "Huyu? Huyu toka azaliwe kashakubali kila kitu!"

Nimeumwaga mchele. Sikukusudia. Au nilikusudia.

Shangazi Bi Mgeni ndiye aliyekuja kunifunda. Kasema keshokutwa Jumapili Baba na mashahidi wawili watasimama nyuma ya pazia. Wataniuliza mara tatu. "Kazi yako nyepesi mno, mwanangu. Weye nyamaza tu. Mwari akinyamaza ndiyo kesharidhi. Ukisema 'ndiyo' watu watasema una pupa."

Nikamuuliza, kwa shida, na asiyetaka je?

Kanitazama kama nimesema Kizungu. "Asiyetaka husema. Lakini kwetu hajasema mtu."

Jioni nikamuuliza Mama, alipoulizwa yeye alisema nini. "Nilinyamaza." Nikamuuliza, ulikuwa wamtaka Baba? Mama akakata uzi kwa meno. Akatunga sindano upya. Hapo nikajua nimeipata wapi tabia hii ya kunyamaza.

Hasira zangu leo hazina pa kukaa. Si Baba, Baba ananipenda. Miaka yote nilikuwa nasifiwa kwa kunyamaza. Nikaona ni haya tu, ni tabia njema, hakuna anayedhurika. Kumbe kila nilipofunga mdomo nilikuwa najibu!

Jumamosi, 6 Februari 1960

Nimejaribu neno moja siku nzima. "Sitaki." Kwa Kiingereza limetoka. Kwa Kiarabu limetoka, na herufi zake zote. Kwa Kikachi limetoka nikacheka peke yangu.

Kwa Kipemba halitoki. Hili tu! Nimelijaribu mbele ya paka, nikaona haya.

Jumapili, 7 Februari 1960

Baada ya alasiri. Wamefika. Niko chumbani, juu ya mkeka, daftari ndani ya buibui. Shangazi kakaa mlangoni, karibu na pazia. Mama pembeni na kofia yake, hashoni.

Nyuma ya pazia naona miguu. Ya Baba naijua. Ya Ami Khatib. Ya Mzee Kificho, jirani, shahidi wa pili.

Baba kauliza. "Mwanapili, mwanangu, nikuoze kwa Soud?" Sauti yake inatetemeka kidogo.

Sikusema! Mdomo ulifunguka, hewa ikatoka, neno halikutoka. Ami kasema, "Umesikia kimya hicho? Haya, ya pili."

Ya pili imeulizwa. Nimesema! Naandika mbio – nimesema, chini, lakini nimesema. Na Shangazi akakohoa! Kakohoa juu ya neno langu, kikohozi kirefu, na hana kifua huyu, hajapata kuwa na kifua!

Baba anauliza, "Kuna mtu kasema?"

Shangazi: "Hakuna, kaka. Mwana anaona haya. Endelea."

Mama kainua kichwa.

Baba haendelei. Ami anamwambia, "Haya, kaka, ya tatu, watu wanangoja." Mzee Kificho anasema basi tusimharakishe mtoto.

Nimesimama. Daftari nimeliegemeza ukutani. Kwa mkono wa kushoto nimelishika pazia, kitambaa chake kizito, sikujua. Miguu ya Baba iko hapa, shubiri moja na yangu.

Anavuta pumzi. "Mwanapili, mwanangu –"

Shangazi ameanza tena kusafisha koo. Mama kamshika mkono, kikohozi kimekatika. Naiweka kalamu, niseme –