Kwa Fundi Waya, Ambaye Hakuzima

Mwaka umekwisha, mdogo wangu, tangu ulipoanguka kutoka kwenye ngazi ukiwa na bisibisi mkononi, na mpaka leo hakuna aliyeweza kuifunga ile spika ya nyumba ya ibada ikatulia. Inapiga mluzi kila watu wakikusanyika. Waumini wanakunja nyuso, kiongozi wetu wa ibada anaigonga maiki kwa kidole, na mimi nikiwa nyuma kabisa nafurahi kuliko anavyopaswa kufurahi mtu aliyekuja kusali.

Familia ilitaka mkeo ndiye akuandikie. Angeandika kwa upole, angesema ulikuwa mtu wa watu. Lakini mkeo akishika kalamu machozi yanatangulia, kwa hiyo kazi imemwangukia dada yako mkubwa, mwenye mdomo wa pilipili. Waliozoea matangazo ya huzuni wageuze ukurasa.

Tunakukumbuka ukichomelea waya kwenye meza ya chakula. Kitambaa cha meza kina matundu mpaka leo, na mkeo amekataa kukibadilisha. Tunakukumbuka ukikunja waya kati ya kiganja na kiwiko, taratibu, na ole wake mtoto aliyeukunja ovyo. Ulikuwa unajaribu maiki kwa kusema "moja, mbili, moja, mbili," na hukuwahi kufika tatu. Mtu aliyekodisha sauti kwa mtaa mzima, nyumbani tulikuwa tunakutoa maneno kwa koleo. Na ukiimba, mbwa wa jirani walilalamika.

Harusi, misiba, mahafali, mikutano ya wagombea, zote zilikuwa zako. Nyumba ya ibada uliifungia vyombo bure, kwa sababu ulikuwa muumini wa kweli, si wa kujitangaza kama wengine ninaowaona wakisoma hapa. Na ulikuwa na sharti moja ambalo kila aliyekukodi alilijua: maiki ukishamkabidhi mtu, huzimi mpaka airudishe mwenyewe. Mjomba mmoja alilewa harusini akaanza kueleza mambo ya bibi harusi alipokuwa mdogo, bwana harusi akakuonyesha ishara ya kukata shingo. Ukatazama pembeni kama hukuona.

Kiongozi wetu alilipenda sana sharti hilo lilipokuwa linamfaa yeye. Siku aliyosimama uwanjani akasema mtu asiye na dini ni mnyama aliyevaa suruali, kinyozi, ambaye hana dini na hafichi, alikuja mbio na mkasi mkononi akipiga kelele uzime. Ukamwambia, "Kazi yangu mimi asikike. Hutaki kumsikia, ziba masikio, hayo ni yako." Kiongozi akakusifu wiki nzima. Alisema wewe ni mtumishi wa ukweli.

Kisha yakaja mahafali ya shule, na yule mchekeshaji.

Wengine hawakuwepo, kwa hiyo nitasema alichofanya. Alipiga magoti jukwaani, akaigiza sauti ya kiongozi wetu akiomba dua, akimkumbusha Mungu ahadi zake kama mtu anayedai. Halafu akahamia upande wa pili, akakaa kwenye kiti, akavaa miwani, akaigiza Mungu akijibu kama karani wa ofisini, huku anachokonoa meno: "Faili lako silioni. Njoo kesho." Wanafunzi walicheka mpaka wakashika matumbo. Mimi sikucheka. Damu ilinichemka, na nikiandika hapa bado inachemka. Huyo ni Mungu wangu. Simwombi ili mhuni mmoja aje kumvisha miwani ya karani.

Watu wakasimama. "Zima! Fundi, zima!" Ukumbi mzima uligeukia kwako. Ulikuwa umekaa nyuma ya mashine yako, mikono umeiweka magotini, ili kila mtu aione kwamba haiko kwenye swichi. Muuza magodoro akaruka viti viwili vitatu, akakuchapa kofi la sikio. Huyohuyo ambaye harusi ya bintiye uliifanyia kazi bure. Ulianguka na kiti chako. Mchekeshaji alipoona damu sikioni kwako, aliweka maiki chini mwenyewe, akatorokea dirishani. Ndipo ukanyanyuka, ukazima.

Fundi wa sauti akabaki na sikio moja. Kama angekuwepo mtu wa kutunga adhabu, asingetunga inayokufaa kuliko hiyo, na kuna watu waliosema hivyo mbele ya mkeo, sokoni, wakiwa wanachagua vitunguu.

Nilikuja kukugombeza ukiwa na bandeji. Nilikaa upande wa sikio zima ili usinisingizie hukusikia.

"Kwani ulipenda alichosema?"

"Nilichukia, dada. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

"Sasa si ungezima?"

"Leo nizime kwa kuwa nimeudhika mimi. Kesho kinyozi naye anakuja, ameudhika. Nitamwambia nini? Hasira yake haina uzito? Tukifika hapo, kiongozi wetu atahubiria wapi, chooni?"

"Mungu si sawa na kinyozi."

"Ndiyo maana sikuwa na hofu," ukasema. "Kinyozi ndiye anaumia kwa maneno. Mungu unamwonea huruma ya nini?"

Niliondoka nimekasirika na sijakubaliana nawe hadi leo, hasa kuhusu miwani. Jibu langu bado naliandaa, na wewe hukuningoja.

Kazi zikakauka. Walikodi spika za mbali zinazokoroma, bora wasionekane na zako. Mchekeshaji wako akarudi, mnyenyekevu kama kuku aliyenyeshewa, akaomba radhi mbele ya waumini wote. Na unajua alijitetea vipi? Alisema kosa ni la fundi. Angezimiwa mapema, asingefika mbali vile. Wakamsamehe palepale. Siku hizi anachekesha kwenye hafla za kiongozi, vichekesho vya bata na mayai, na watu wanacheka kwa adabu. Hajawahi kufika kwenye kaburi lako. Ana shughuli nyingi.

Ile spika ya juu ya nyumba ya ibada ilipoanza kupiga mluzi, mafundi wengine wote walishindwa. Waumini wakakufuata nyumbani, kimyakimya, kupitia uani. Nilikuambia waache wapigiwe mluzi mpaka wazeeke. Ukasema, "Spika haina kosa, dada." Daktari alikuwa ameshakuonya kwamba sikio likiharibika na mizani ya mwili inapotea, usipande mahali. Ukapanda. Muuza magodoro akawa wa kwanza kutangaza kwamba ni mkono wa Mungu. Ulikuwa mkono wake mwenyewe, ila ulichelewa kumaliza kazi.

Alikuja kwenye maziko. Alibeba jeneza lako upande wa mbele, kwa mkono uleule, na akataka aonekane analia.

Sasa hili ndilo hukuliona, na ndilo lililonifanya niandike. Tulikuzika kwa vyombo vyako mwenyewe. Binti yako mkubwa alikaa nyuma ya mashine, kwenye kiti chako, akajaribu maiki: moja, mbili. Akamkabidhi kiongozi wetu. Tulidhani ataomba dua. Alisema hivi, na wewe umelala hatua chache kutoka miguuni kwake: "Huyu ndugu alipewa masikio mawili na Mungu, akayatumia kusikiliza matusi. Mungu akachukua moja, ili amwonye. Hakuonyeka. Akamchukua mzima." Watu wakaitikia. Mkeo akapiga magoti kwenye udongo. Mama yetu, ambaye hasikii vizuri, akaniuliza, "Anamsifu mwanangu?"

Na kiongozi akaendelea. Akaingia kwenye malezi, akaingia kwenye ndoa yako.

Nikapiga kelele kwa sauti yangu yote, mimi dada yako, mbele ya watu wale wale wa ukumbini: "Zima! Zima hiyo maiki!"

Binti yako alinitazama. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye mashine. Mikono aliiweka magotini, kila mtu akaiona.

"Hajamaliza, shangazi," akasema.

Kisha, kwa kuwa watu wa nyuma walikuwa wanaulizana amesema nini, akamwongezea sauti.

Sijawahi kuona ukatili kama ule, mdogo wangu, na ni wewe uliyemfundisha. Kiongozi alisema mpaka maneno yakamwishia, akairudisha maiki mwenyewe, na binti yako akaipokea kwa mikono miwili, kama ulivyokuwa ukifanya.

Jumamosi hii tunakutana nyumbani kwako kukukumbuka. Wote mnakaribishwa, na wewe muuza magodoro, kiti chako kipo. Kiongozi wetu ameomba aseme machache na amekubaliwa. Atapewa maiki na hakuna atakayemkatiza. Baada yake nitasema mimi. Nimejiandaa mwaka mzima. Nitasema ya jukwaani, ya sokoni na ya uani, na nitataja watu kwa sura zao. Mtakaoudhika mtapiga kelele izimwe, najua. Semeni na aliyekaa nyuma ya mashine.

Wanaokukumbuka ni mama yetu, ambaye bado anakuwekea chakula, mkeo, binti yako mkubwa, mdogo wake anayekunja waya ovyo na hana wa kumgombeza, mume wangu, aliyenisihi nifupishe, na mimi, dada yako. Hatukusahau kamwe, Fundi Waya, na Jumamosi hakuna atakayethubutu.