Mama Alipoonja Mboga

Namuwongo, Kampala

Kaka yangu mpendwa Odera,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. U mzima? Na mchumba wako Moreen, hajambo? Najua utashangaa kuletewa barua na Byron wakati simu zipo. Kaa chini kwanza, ndipo usome. Mama yuko hospitalini. Ameungua kinywa na koo.

Unajua napika sabuni ya kuuza pamoja na jirani yangu Apio, Mwacholi wa Gulu, mke wa polisi. Mama alipokuja kututembelea, Apio alimletea chupa ya maji ya majivu, maana kwao pia, kama kwetu Siaya, mboga chungu hazipikwi bila hayo. Mama alifurahi mno. Jumamosi akaniambia nimwachie jiko, apike mnavu. Akamimina, akakoroga, mboga zikalainika upesi hata akatania kwamba majivu ya Waacholi yana nguvu kuliko yetu. Kisha akaonja, jinsi anavyoonja kila chungu kabla ya kutupakulia.

Odera, sijawahi kusikia mama akilia vile! Sufuria ilikuwa inatoka povu jeusi pembeni. Chupa aliyoimimina haikuwa ya Apio. Ilikuwa na maji ya kostiki, yale makali ya kupikia sabuni, yanayokula hata sufuria.

Nilikimbilia limau. Si tulifundishwa shuleni kwamba asidi na besi zikikutana zinauana, zinabaki chumvi na maji? Apio akanipokonya, akifoka kwamba haziuani kimya kimya, zinachemka, na mimi nitampika mama koo. Tulimsukutua kwa maji tu, tukakimbia naye.

Daktari alituchorea kipimo cha pH, kuanzia sifuri hadi kumi na nne. Maji safi yako katikati, kwenye saba. Limau liko mbili, upande wa asidi. Maji ya majivu yako kama kumi na moja, upande wa besi, na kostiki yetu kumi na nne. Nikasema basi hayo mawili ni majirani. Akanijibu kwamba kila hatua ni mara kumi, kwa hiyo kostiki ile ni kali mara elfu. Akaongeza kwamba asidi, hii wanayomwagiwa watu usoni na tunayoiogopa sote hapa mjini, mara nyingi huunguza ikaacha gamba linaloizuia isizame, lakini besi huzidi kuzama, na mafuta ya mwili huyageuza sabuni. Sabuni, kaka! Kazi ninayoifanya uani ndiyo iliyokuwa ikifanyika kooni mwa mama.

Sasa nikuambie lililonishinda kwenye simu. Nilikudanganya kwamba simu ya mama imeharibika. Ni nzima. Na kostiki ile ni mimi niliyeitia kwenye chupa ya soda ndoo ilipopasuka, nikaiacha karibu na jiko, kando ya ile ya Apio. Mtu wa kwetu akimlaumu Apio, mkatalie.

Daktari anasema mama atapona. Sauti ndiyo hajui kama itarudi. Naye ndiye wa kukubariki siku ya harusi yako! Jana alijaribu kuita jina lako, ikatoka pumzi tu. Usipige simu, Odera. Njoo.

Msalimie Moreen na wote wa nyumbani. Mama naye anakusalimu. Amenionyesha kwa mkono niandike hivyo.

Ni mimi dada yako,
Phelister