Ile Fa ya Sauti ya Tatu

Mpendwa Baba,

Jumapili iliyopita Mutiso alinisimamisha nje ya kanisa, akaniuliza swali ambalo nimelala nalo na kuamka nalo tangu siku hiyo. Kwaya inataka kuuimba tena wimbo wako, ule wa kungojea mvua. Karatasi zao zimechakaa, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeuingiza kwenye kompyuta, ameniomba niwachapishie nyingine.

"Lakini Ndinda," akasema, "pale mwisho, kwa neno 'bado', sisi wa sauti ya tatu tunaimba fa, na soprano wako kwa mi. Inagongana. Ni Mwalimu alitaka hivyo, ama ni ile kompyuta yenu ilikosea?"

Nikamwambia angoje kwanza. Sijui, Baba. Nilikuwa nawe chumbani humo humo, mkono wangu ndio uliokuwa kwenye kipanya, na bado sijui. Ndiyo maana nakuandikia. Nataka nipite tena njia yote tuliyopita, pengine kuna mahali nilipita bila kutazama.

Naanzia kwenye malaria yako, kwa sababu bila hiyo sidhani tungechanganyikiwa vile. Ulitoka hospitalini umekonda, kanzu ya kwaya ikikuning'inia kama imeanikwa. Walikuwa wamekutia kwinini nyingi, na masikio yako yalikuwa yanalia. Ulisema ni kama nyenje wameingia ndani wakakataa kutoka. Daktari alisema yatatulia yenyewe. Lakini mimi nilijua mambo hayako sawa siku treni ya Mombasa ilipopita ikapiga honi. Tangu nikiwa mtoto, hapo nyumbani Makindu, hakuna honi iliyopita bila wewe kuinua kidole na kusema, "So hiyo," au "La hiyo, ila imeshuka kidogo." Siku ile honi ililia, nikakutazama, nawe ukaendelea kukoroga chai.

"Baba, hiyo ilikuwa gani?" nikakuuliza.

"Gani nini?" ukasema.

Wimbo wenyewe ulikuwa umeutunga kitandani, wakati unapata nafuu. Mutiso alikuwa ameshika kwaya kwa muda, na tamasha la kwaya za barabara ya Mombasa lilikuwa linakaribia. Wa Kiboko walikuwa wanakuja, wa Mtito Andei pia, na safari hii kila kwaya ilitakiwa kuleta wimbo wake yenyewe, ulioandikwa kwa noti za mistari mitano, si kwa doremi. Wewe na doremi mlikuwa ndugu. Ile mistari mitano uliifundishwa chuo cha ualimu miaka ya sitini, ukaisoma vizuri, lakini kuiandika kwa mkono wimbo mzima wa sauti nne, na mikono yako ilikuwa inatetemeka bado, ulisema itakumaliza.

Hapo ndipo Kioko, kaka yangu, akajitia katikati. Ofisi yao ya Nairobi ilikuwa imenunua mashine mpya, na ile ya zamani wakampa. Akaja nayo kwa basi akiwa ameipakata kama mgonjwa. Akaiweka juu ya meza ya kulia chakula, akaiunganisha na spika mbili ndogo na printa iliyokuwa ikipiga kelele kama cherehani, akatia disketi, na akatuonyesha programu ya kuandika muziki. Alipobonyeza kitufe, kitu kikalia toot-toot-toot kama baragumu la plastiki. Mama akacheka hadi akakaa chini. Wewe hukucheka. Ulisogea karibu, ukasema kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo hii inaweza kunisikilizia."

Wakati huo sikuelewa neno lile lilikuwa zito kiasi gani.

Kioko alirudi Nairobi, tukabaki sisi wawili. Mimi nilikuwa nimemaliza kozi ya ukarani, nikijua kupiga chapa haraka, lakini noti nilizijua za kuimba alto tu. Wewe ulikuwa unaniimbia doremi, mimi naweka noti kwenye mistari. Unakumbuka vile ilivyotusumbua? Ukisema noti ya midundo miwili, mashine inakataa, inasema kipimo kimejaa. Tunahesabu kwa vidole, hakijajaa. Tunafuta, tunaweka tena, inakubali, na hatujui tumefanya nini tofauti. Stima ikipungua nguvu, kioo kinafifia na kazi ya asubuhi nzima inapotea. "Mwaitu," ukaniita, mama kwa Kikamba chetu, kama ulivyoniita siku zote kwa kuwa nilipewa jina la mama yako, "hiki kitu kina hasira kuliko besi zangu zote."

Kisha tukachapa ukurasa wa kwanza. Mistari ilitoka vizuri. Maneno yalitoka vizuri. Lakini mahali pa noti palikuwa na herufi: q, q, h, na vijisanduku vyeupe vinafuatana. Uliigeuza ile karatasi juu chini ukizitafuta noti. Nilikwenda hadi kwa simu ya posta, nikapanga foleni, nikampigia Kioko. Akaniambia printa haizijui noti, inazichukua kama herufi za kawaida, kwa hivyo niiamuru ichape ukurasa kama picha. Nikarudi, nikatafuta mahali pa kuiamuru, nikapata. Printa ililia kwa muda mrefu sana, karatasi ikatoka na noti nyeusi, nzuri, kila moja na mkia wake. Uliibusu ile karatasi, Baba. Mama alikuona pia.

Kwa hivyo tulidhani tumemaliza. Tukabonyeza kitufe ili wimbo ulie wote, sauti nne pamoja.

Sijasahau uso wako. Soprano waliingia, alto wakafuata, na sauti ya tatu ilipoanza, kila kitu kikapinda, kama meza inayowekwa kwenye sakafu ya mawe. Nikasimamisha. Tukaanza tena. Ilikuwa vile vile. Ukachukua kile chuma chako cha kutolea sauti, kile chenye meno mawili, ukakigonga gotini na kukiweka sikioni. Kwanza la kulia, kisha la kushoto. La kushoto ulikaa nalo sana.

"Wewe unasikia nini?" ukaniuliza.

"Nasikia si sawa."

"Unasikia kwa kuwa umeniona uso."

"Hapana, Baba. Si sawa."

Tukakagua noti moja baada ya nyingine, kioo na karatasi na doremi zako. Zote zililingana. Kila noti ilikuwa mahali pake. Macho yalisema sawa, masikio yalisema si sawa, na sikujua niamini kipi. Lakini wewe uliamua haraka sana. Ulikunja ile karatasi uliyoibusu, ukasema, "Mashine haikuugua malaria. Inaimba kilichoandikwa. Basi niliandika hivyo."

Kesho yake ulimtumia Mutiso habari kwamba kwaya abaki nayo tu. Hukusema ni kwa muda.

Hicho ndicho kipindi kinachonichanganya zaidi nikikumbuka. Ulikuwa unaamka, unakaa mbele ya kompyuta iliyozimwa, mikono mapajani. Nikiiwasha, unatoka nje. Nilijaribu kila nilichojua. Nilibadilisha nyaya za spika. Nilifuta programu nikaiweka upya. Nilifuta sauti ya tatu nikaiandika yote tena, na wimbo ukapinda pale pale. Nilianza kufikiri pengine unasema kweli, wimbo ni mbovu, nami ninakutesa kwa kukataa kukubali.

Mama ndiye aliyetuchoka. Hakuwa anajua noti hata moja. Siku hiyo alikuwa anachambua pojo kwenye ungo, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Na hao watu wa kwaya, hawawezi kuimba tusikie?"

Ukasema huwezi kuwapa watu kitu kibovu.

"Nani amesema ni kibovu? Hicho kisanduku?" Mama akasema. "Mwalimu, uliwahi kutunga wimbo ukauliza kabati?"

Alasiri hiyo Mutiso alikuja na watu watatu, mmoja wa kila sauti, na yeye akiwa wa sauti ya tatu. Waliandikiwa doremi kwenye ubao wako wa mazoezi, wakasimama kati ya meza na mlango, wakaimba polepole kama watu wanaovuka mto. Na haikupinda, Baba. Ilikaa. Ilikuwa nzuri hadi Mama akaacha pojo. Nilikugeukia nikitarajia furaha, lakini ulikuwa umeshika kichwa. "Sasa sielewi kabisa," ukasema. "Ni noti zile zile."

Walipoondoka ulivuta kiti kando yangu. Ukasema tufanye kama tunavyofanya kwaya ikichafuka: kila sauti iimbe peke yake. Nikazima zile nyingine, nikaacha ile ya tatu ilie yenyewe. Ilitoka safi, kama haina kosa lolote duniani. Ukagonga chuma chako, ukaimba do, ukaniambia nirudie. Nikarudia mara kadhaa, kisha ukanishika bega.

"Inajua wimbo," ukasema. "Lakini imeanzia chini. Do yake si do yetu. Ni nani amempa huyu sauti ya kuanzia?"

Hapo nikakumbuka siku ya kwanza. Programu iliniuliza kila mstari ni wa chombo gani, ikaniletea orodha ndefu. Sikuona mahali pa kwaya. Niliona tu neno 'tenor', na kwa kuwa sauti ya tatu huitwa hivyo kwa Kiingereza, nikalichagua bila kusoma mbele. Mstari ukaja na vialama viwili vya kupandisha sauti ambavyo mingine haikuwa navyo. Nikadhani ni takataka, nikavifuta. Sasa tulifungua ile orodha pamoja, tukasoma neno la pili. Saksafoni. Baba, wanaume wako wa sauti ya tatu nilikuwa nimewafanya saksafoni! Na saksafoni hiyo, ulinieleza baadaye, ukiiandikia do, yenyewe hulia hatua nzima chini.

Nilipobadilisha chombo tu, wimbo ukakaa kama ulivyokaa kwa Mutiso. Tuliusikiliza tena na tena. Ulikuwa unafuta macho kwa kile kitambaa cha kufutia ubao, chaki ikakubakia shavuni.

Na ndipo, karibu na mwisho, nikaisikia ile fa. Kila kitu kingine kilikuwa kimetulia, na hapo kwenye 'Twangoja, bado twangoja' sauti ya tatu ikasugua ile ya kwanza. Nikakuuliza kama hilo pia ni kosa langu.

"Hapana, hiyo niliitaka," ukasema. "Neno lenyewe ni bado. Litatuliaje?"

Nikaridhika. Lakini siku kadhaa baadaye, unakumbuka, nilikuwa nachapa nakala za kwaya na spika zinalia. Ulikuwa umelala kwenye kochi, sikio la kushoto juu. Ukainua kichwa, ukauliza, "Hapo pana nini? Mbona kama kuna mtu amepotea?" Nikakuambia ni ile fa yako. Ukasema, "Aa. Basi iache," na ukalala tena.

Iache kwa kuwa uliitaka, au iache kwa kuwa umechoka na kompyuta? Sikuuliza. Tamasha likaja, ukasimama mbele ya kwaya yako, ukawaongoza ukiwa umewageuzia sikio la kulia. Wa Mtito Andei walishinda. Tulirudi tukiimba hivyo hivyo. Uliishi miaka mingine kadhaa, tukaongea mambo mengi, ya mbuzi, ya Kioko kuoa, ya mahindi kukauka. Hatukuongea tena habari ya noti moja.

Kwa hivyo juzi nilifanya nilichoweza. Niliwasha ile mashine, inachukua muda siku hizi kuamka, nikaandika mi mahali pa fa. Wimbo ukawa laini. Nikachapa, nikawapelekea mazoezini, nikawaeleza kwamba pale kwenye bado tumerekebisha. Mutiso akawafundisha wenzake mi. Wakaiimba peke yao, ikatoka mi safi kabisa.

Kisha sauti zote nne zikaungana. Walipofika kwenye bado, karatasi mikononi, macho kwenye noti, wale wa sauti ya tatu wakaimba fa. Wote. Mutiso akasimamisha, akacheka, wakarudia. Fa tena. Mzee mmoja akasema anaiona mi vizuri tu, lakini koo linaenda kwingine.

Sikuwalaumu. Nilikuwa nimeketi na alto, na nilijikuta nami ninaingojea.

Nimerudi nyumbani nikachapa upya, na fa iko pale. Sijui bado kama ilikuwa nia yako au ilikuwa kwinini, Baba, na naona sitajua. Mama anakusalimu. Anasema nimalize haraka, anataka meza yake, tule.

Ni mimi, aliyekuwa mwaitu wako na bado ni mtoto wako,

Ndinda