Kitabu cha Miaka Thelathini ya Tsurumaki

Jumatatu, 12 Oktoba 1981
Nimepewa kitabu! Bwana Hirabayashi, mkuu wa utumishi, ameniita mbele ya ofisi nzima. Kampuni yetu ya amplifaya, Tsurumaki, inatimiza miaka thelathini, na mimi, karani wa miezi saba, ndiye nitakayeandika historia yake. Nizungumze na wazee wa kiwanda, niandike wanayosema, na kila ukurasa waupige muhuri wao wa jina, ambao kwetu ndio sahihi ya mtu. "Historia bila ushahidi ni porojo, Yajima." Nikikosea mwaka mmoja tu?

Alhamisi, 15 Oktoba
Bi Momose, wa meza ya kusokota waya za transfoma. Alikuwa akisokota hariri humu humu, kabla jengo halijawa letu. Anasema mwanzilishi aliwachukua wasokota hariri kwa sababu vidole vyao havikati waya mwembamba — na kwa sababu mshahara wao ulikuwa mdogo.
"Liandike na hilo. Amplifaya zetu zilikuwa rahisi kwa kuwa sisi tulikuwa rahisi. Au kalamu yako inaona haya?"
Meza nzima ilicheka. Nimeliandika. Amepiga muhuri.

Jumanne, 27 Oktoba
Mzee Koguchi amefunguka! Ni mkaguzi wa amplifaya, anastaafu Machi. Wiki nzima alikuwa ananijibu kwa kukohoa tu. Leo nimemwendea na chupa ya sake, pombe ya mchele, aliyonipa Bwana Hirabayashi.
Mwaka 1968, amplifaya ya wanafunzi — ile ya wasioweza kununua majina makubwa. Ofisi iliamuru ziwekwe kapasita ndogo, vile vikopo vya kutunza umeme, ili bei ishuke. Mzee akasikiliza: spika zikavuma kama nzi ndani ya chupa. Basi akabadilisha karatasi za stoo, kimya kimya, akaagiza kapasita kubwa. Amplifaya elfu nne, bila ruhusa ya mtu!
"Hizo bado zinaimba, mwanangu. Za mwaka uliofuata, zenye zile ndogo, zote zimekwenda jalalani."
Aliniuliza kama ni salama jambo hilo kuingia kitabuni. Nilimwambia itakuwa sura nzuri kuliko zote. Akapiga muhuri kurasa zote sita, akipulizia wino ukauke.
Bwana Hirabayashi amezisoma amesimama. "Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta." Nimefurahi mpaka nikasahau kula.

Ijumaa, 6 Novemba
Nimempigia simu mchapaji wa Matsumoto kuulizia ukubwa wa picha. "Kitabu gani?" akauliza. Nikamsikia akifunua daftari. Hana oda yoyote ya Tsurumaki. Akanionea huruma, akasema nijaribu wachapaji wa Suwa. Suwa hawana. Yule wa hapa Okaya hana.
Labda ni mapema mno. Lazima iwe ni mapema.

Jumatatu, 9 Novemba
Hakuna kitabu. Hakikuwapo tangu mwanzo.
Bwana Hirabayashi ameniambia huku anakula tambi za soba, hakuinua hata macho. Kampuni inauzwa. Mnunuzi hataki wazee. Mzee Koguchi amekiri kuchezea karatasi za stoo, kwa muhuri wake mwenyewe, kurasa sita. Ajiuzulu mwezi huu apate nusu ya kiinua mgongo, la sivyo afukuzwe akose vyote. Bi Momose naye wanamtafutia kosa lake.
Nimeuliza kwa nini mimi.
"Wangenifungukia mimi? Lakini kwa sura kama yako, Yajima, hata mama mkwe angefungua sanduku lake."
Makarani wawili wa meza ya jirani walicheka. Walikuwa wanajua! Ofisi nzima ilikuwa inajua.
Mtu huyu ndiye aliyenidhamini nikapata kazi. Amekula kwetu. Mama alimpa kipande kikubwa cha samaki, mimi nikala kichwa.
Na nilimjibu nini? "Ndiyo, bwana." Hilo tu.

Jumamosi, 14 Novemba
Nimetumwa nyumbani kwa Mzee Koguchi na barua ya kujiuzulu. Imeshapigwa chapa, inangoja muhuri tu. "Wewe anakuamini," Bwana Hirabayashi alisema. Sikukataa.
Njia nzima nimejifunza maneno kwa sauti. Mzee, hakuna kitabu. Mzee, usitie muhuri. Mara ishirini labda. Mwanamke mmoja na mbwa wake walinipisha barabarani.
Mkewe amefungua mlango: "Mwandishi wetu huyo!" Shati jeupe limetundikwa, limepigwa pasi kwa ajili ya picha ya kitabuni. Mezani chai, mboga za chumvi, na picha tisa za zamani zimepangwa. Mzee akaniuliza, kama mtoto, picha yake itakaa pamoja na za wenzake au peke yake.
Nikafungua mdomo.
"Peke yake," nikasema. "Ukurasa mzima."
Mkewe amejifuta macho kwa aproni.
Sasa nimo chooni kwao, naandika juu ya goti. Barua imo kwenye koti, na koti nimelitundika sebuleni. Namsikia Mzee akimwambia mkewe anipikie uji, kijana tumbo limemchafuka. Wanacheka taratibu. Sasa amekuja mlangoni.
"Yajima, usiharakishe. Ila naona bahasha imechungulia kwenye koti lako, ina jina langu. Ndizo kurasa zangu? Nizisome wakati nakungoja?"
Naendelea kuandika.
Ameuliza tena. Simkatazi. Miguu yake inarudi sebuleni, kwenye koti.